Mguu wa Kushoto

Jumatano, tarehe kumi na mbili Mei, saa moja na robo asubuhi, mvua ikinyesha bila haraka, mwalimu wa udereva alisikia ndani ya basi jambo lililomkera kuliko foleni. Binti aliyeketi kando yake, mwenye jaketi la timu ya mbio za magari, alikuwa akisema kwenye simu kwamba Jumamosi atakanyaga breki kwa mguu wa kushoto.

“Huo ni uzembe,” alisema mwalimu, ingawa hakuulizwa. Kwa miaka thelathini alikuwa amewafelisha watu kwa kosa hilohilo, na usingizi wake haukupungua.

Binti alikata simu akicheka. “Shikamoo, mzee. Wa kulia haubanduki kwenye mafuta. Wa kushoto unagusa breki kidogo tu, pua ya gari inainama, tairi za mbele zinashika tope, nami nakata kona. Nisipopunguza sekunde mbili, mwenye timu atampa mtu mwingine gari langu.”

“Mguu wa kushoto umelelewa na klachi, mwanangu. Haujui kugusa, unajua kukandamiza.”

“Kweli. Siku ya kwanza nusura fundi wangu, aliyeketi kando yangu, abusu kioo cha mbele. Sasa nimeutia adabu. Nawe unadaiwa radhi, mzee. Umeniita mzembe mbele za watu.”

“Sidaiwi,” alijibu mwalimu, akiinuka basi liliposimama kituoni kwake. “Na radhi siombi.” Alishuka ngazi moja, akageuka. “Hizo mbio zinaanza saa ngapi?”

“Saa tatu kamili. Usisimame karibu na kona.”