Historia ya Mpwa Wangu, Aliyejibu Nne Kila Siku

Ndugu waombolezaji, mimi ni mjomba wa marehemu, na familia imenipa kazi hii kwa sababu aliishi kwangu miaka saba, na kwa sababu mimi ndiye mpima mzigo wa mazoezi wa timu yake ya mpira wa mikono.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 9 Machi 1999, kitinda mimba wa dada yangu aliyeketi hapo mbele, akasoma shule ya msingi kuanzia 2006 hadi 2012, na sekondari kuanzia 2013 hadi 2016, ambako darasani hakuvuma sana lakini uwanjani hakukamatika, na tarehe 1 Februari 2017 akasajiliwa na timu yetu.

Tarehe 20 Aprili mwaka huu, 2024, alichumbiwa na fundi umeme, harusi ikapangwa tarehe 14 Desemba, na hakuacha mtoto.

Kazi yangu ni kumuuliza kila mchezaji, nusu saa baada ya mazoezi, amechoka kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi, kisha nazidisha jibu lake kwa dakika alizofanya, na jumla ya wiki ikipita kiwango, anapumzishwa. Nilikuwa nawauliza wakiwa mstarini, mbele ya kocha mkuu, na aliyetaja nane alijikuta benchi mechi inayofuata, basi wakajifunza, na marehemu akawa anajibu nne kila siku, hadi wenzake wakambatiza jina la Nne, naye akacheka, nami nikacheka.

Familia ilikubaliana nisome kwamba aliugua ghafla. Mtanisamehe, hakuugua ghafla. Jumatatu tarehe 22 Julai alishikwa na homa, Jumanne nilimsikia akipanda ngazi za nyumbani kwangu akipumzika kila baada ya vidato vitatu, jioni ile uwanjani akajibu nne, nikaandika nne, mara dakika tisini, na Jumatano na Alhamisi nikaandika hivyo hivyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi hakunificha, nilimwona.

Jumamosi tarehe 27 alianguka dakika ya kumi na nane ya mechi, madaktari wakakuta misuli ya moyo imevimba kwa ile homa, na Ijumaa tarehe 2 Agosti, saa moja na robo asubuhi, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku sita, majirani mlioleta viti na maji, mchumba wake ambaye hakubanduka pale wodini, na wachezaji wenzake, ambao jana mlinifuata getini mmoja mmoja kunitajia namba zenu za kweli.

Dada yangu, sijui nikuombeje msamaha. Mpwa wangu, pumzika kwa amani, mapumziko ambayo ningeweza kukupa Jumanne ile kwa kuandika tisa.