Mama Chaji, Mlezi wa Kompyuta Zisizozimika Ghafla

Tarehe thelathini mwezi huu Mama Chaji atatimiza miaka thelathini na moja ya kazi katika hospitali yetu, na siku hiyohiyo atastaafu. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena, na bado naiona kama uzushi. Hospitali bila Mama Chaji! Basi, kwa kuwa nimepewa heshima ya kumwandikia katika jarida letu, nitajitahidi nisilie juu ya kibodi, maana yeye mwenyewe hapendi kibodi zilizolowa.

Alianza kama mpiga chapa wa mapokezi. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliifunika kitambaa cha maua na kuizunguka kama mgeni wasiyemwelewa lugha. Yeye aliifunua, akaiwasha, na ndiyo ikawa kwaheri kwa mashine ya chapa. Alisoma akiwa kazini, akapata cheti, akawa fundi wa kompyuta, kisha mkuu wa kitengo. Mafundi wote tulionao leo wamepita mikononi mwake, na wote wanatembea haraka kama yeye.

Jina la Mama Chaji alipewa na wauguzi. Akiingia wodini, macho yake yalikwenda kwenye pembe ya skrini kabla ya kumtazama mtu usoni: "Chaji imebaki ngapi?" Salamu zilifuata baadaye, tena kwa wingi, za watoto, za wakwe na za majirani. Alichokuwa akiulizia ni hali ya UPS, lile boksi zito la betri linalokaa chini ya meza na kuishikilia kompyuta umeme unapokatika.

Kwake, kuunganisha boksi hilo kulikuwa kama kufungisha ndoa. Kwanza lilichajiwa mpaka likajaa, mwenye ofisi anung'unike asinung'unike. Kisha kompyuta na skrini zilichomekwa kwenye matundu ya betri, na printa ikapelekwa kwenye tundu lisilotumia betri, kwa sababu printa, alisema, hula kama mgeni asiyejua jikoni kumebaki nini. Mwisho ulikuja waya mwembamba, ule ambao watu wengi huusahau ndani ya kasha. Kupitia waya huo betri huiambia kompyuta imebakiwa na nguvu kiasi gani, itadumu dakika ngapi na imebebeshwa mzigo gani. Kompyuta ikiona hali si nzuri, huhifadhi kazi na kujizima yenyewe kwa adabu.

Mama Chaji alitueleza kwamba waya mnene wa umeme peke yake hautoshi; wawili wakikaa pamoja lazima wazungumze. Jamani! Mimi niliyefunga ndoa juzijuzi nilimpelekea mume wangu maneno hayo jioni ileile, na sasa nyumbani kwetu mmoja akinuna, mwingine anamuuliza waya uko wapi.

Kila Ijumaa asubuhi alichagua ofisi moja, akahakikisha hakuna kazi ya mgonjwa inayoendelea, halafu akachomoa plagi ukutani. Kelele zake! Mhasibu alikuwa akishika kifua kana kwamba ni yeye aliyechomolewa. Mama Chaji alisimama tu, mikono kiunoni, akitazama chaji inavyoshuka. Ijumaa moja, maabarani, boksi lilipiga mlio na kompyuta ikakaa kama haijasikia kitu. Akainama chini ya meza. Waya mwembamba ulikuwa umeng'olewa, na mahali pake pamechomekwa simu ya mtaalamu wa maabara, bwana tunayemwita Miwani. "Kaka, umemziba mdomo mtu anayekuamsha nyumba ikiungua!" Maabara nzima iliangua kicheko, Miwani akiwa wa kwanza.

Lakini linalonifanya nijivunie kufanya kazi jengo moja na mama huyu ni lile la mke wa dereva.

Mwaka jana, mchana, dereva wetu wa gari la wagonjwa alimleta mke wake mwenyewe kujifungua. Mtoto wa kike alizaliwa salama, ila mama akaanza kutokwa na damu nyingi. Daktari akaagiza damu. Katika benki ya damu, Miwani alikuwa katikati ya kipimo cha kulinganisha damu ya mgonjwa na ile ya kwenye mfuko pale umeme ulipokatika. Jenereta likakohoa, likanyamaza. Chumba cha upasuaji kina betri zake, lakini kipimo kile kilitegemea boksi moja tu chini ya meza. Kikikatika kinaanza upya, na daktari alishasema mgonjwa hana muda huo.

Mama Chaji alifika akihema, viatu mkononi. Dakika zilizoonekana kwenye skrini zilikuwa chache kuliko zile ambazo kipimo kilihitaji. Akatazama mstari wa mzigo, akakunja uso. Mzigo huu si wetu, alisema, kuna mtu anakula humu. Akazifuata nyaya kwa mkono hadi nyuma ya kabati. Kumbe soketi ya ukutani ilikuwa imelegea asubuhi ile, na mtu akaihamishia printa kubwa kwenye tundu la betri.

"Dada, lebo ya mfuko nitaichapa na nini?" Miwani alilalama.

"Andika kwa mkono! Leo mwandiko wako utasomeka kwa lazima."

Akachomoa printa. Dakika kwenye skrini zikapanda. Mlangoni alisimama dereva, hawezi kukaa, hawezi kuondoka, anauliza tu, "Mama, bado imewaka?" Naye bila kugeuka anamjibu, "Imewaka, baba. Imewaka." Kila alipouliza alijibiwa, mpaka kipimo kikatoa jibu zuri. Miwani aliandika lebo kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, mfuko ukakimbizwa. Jenereta lilipokubali kuwaka, damu ilikuwa tayari inaingia mshipani. Mgonjwa alipona.

Uongozi ulipomuuliza anataka zawadi gani, aliomba kila boksi la hospitali liunganishwe na skrini moja ofisini kwake, ili mafundi waone hali ya betri zote kwa pamoja. Kazi hiyo imekamilika mwaka huu, na sasa vijana wake wanaisoma skrini hiyo bila kumwita.

Nimalizie na habari iliyonifanya nitabasamu peke yangu. Mume wa Mama Chaji ni fundi cherehani, na kila jioni humsubiri getini na kumbebea mkoba kama vile ndiyo kwanza wanachumbiana. Siku ya kuagwa, dereva ameomba yeye ndiye awapeleke wote wawili nyumbani, akiwa na mkewe na binti yao, ambaye sasa anatembea na kuvunja vikombe. Mzee wetu fundi cherehani amekubali kwa sharti moja: kiti cha mbele wakae wengine. Yeye atakaa nyuma na mke wake.

Mama Chaji, umetufanyia kazi kwa moyo wako wote na tunaona fahari kusema tulikuwa wenzako. Asante sana. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na simu zetu, na miaka mingi ya raha kando ya mwenzako.