Shali ya Mama Niliyoifukiza Badala ya Kuifua

Assalaam alaykum, mama zangu na dada zangu. Nimesimama mbele yenu. Wengine mtacheka mkisikia nimekuja kutoa ushuhuda wa chunusi. Chekeni. Hata mimi ningecheka, lau si yale niliyoyafanya kwa ajili ya chunusi hizo. Jina la mtu sitalitaja.

Kazi yangu mnaijua: nahudumia wazee majumbani, nyumba tano kwa siku, na baina ya nyumba na nyumba ni kusubiri basi. Baridi ilipoingia, skafu yangu nikaisahau kwenye treni. Nikafungua kabati, nikatoa shali ya marehemu mama, ile ya sufu ya zambarau aliyokuwa akijitanda mwaka wake wa mwisho hapa London. Shali ile ilikuwa haijagusa maji miaka sita. Nilikuwa naifukiza udi kila Ijumaa, dirisha wazi, kengele ya moshi inalia, binti yangu analalamika kwa Kiingereza chake. Nikiinusa, namkuta mama humo. Nani kati yenu angeifua?

Basi kila asubuhi najipaka mafuta ya nazi uso mzima, maana baridi ya huku inapasua ngozi, halafu najizungushia shali mpaka chini ya pua. Kituoni natetemeka, ndani ya basi natoka jasho, nikishuka natetemeka tena. Siivui mpaka nifike kwa mzee wangu.

Siku moja, humu humu ukumbini, kwenye kikao chetu cha Jumapili, shoga yangu mmoja akanitazama akasema, "Wewe bibi, uso mwororo kama wa mwari! Sisi tunazeeka, wewe umegoma." Akacheka, akaenda kumimina chai. Hakusema mashaallah. Nikalingoja lile neno, halikuja, na jambo hilo likanikaa moyoni.

Ndugu zangu, nawaambia, hazikupita wiki mbili. Naamka, kidevu na mashavu yamejaa chunusi nyekundu, nyingine zina usaha, zinauma hata nikitafuna. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na minane! Nilipiga ukelele mbele ya kioo, binti yangu akaja mbio. Akaniambia ni chunusi tu, hata yeye anazo. Nikamwambia nyamaza, wewe hujui mambo ya watu.

Kwa sababu mimi nilishajua. Nimehusudiwa, jicho limenipata.

Nikazidisha udi kwenye shali, nijikinge. Nikazidisha mafuta, nijitibu. Nikajifunika zaidi, nisionekane. Na chunusi nazo zikazidi. Kuna bibi ninayemhudumia, macho yake hayaoni vizuri, lakini hata yeye aliniuliza nimeumwa na mdudu gani.

Halafu ikaja ile Jumapili. Shoga yangu alinifuata pale mlangoni, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwenzangu, acha mafuta ya nazi, na hiyo shali itie maji. Inakudhuru." Yeye alinong'ona. Mimi nilipiga kelele. "Shali ya mama yangu ndiyo chafu? Jicho lako ndilo chafu! Hasidi mkubwa wewe!" Mlikuwapo, mlinisikia. Alichukua mkoba wake akaenda zake, na humu hakurudi tena.

Mwezi mzima baadaye nilikuwa na kazi mtaa wa Southall. Nikaingia duka la dawa kuuliza dawa ya kuficha makovu. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, akanisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu. "Mama," akasema, "hebu vaa hiyo shali vile unavaanga kila siku." Nikaivaa. Akanishikisha kioo. "Sasa teremsha pole pole. Angalia."

Jamani, nilishtuka mpaka leo mwili unanisisimka. Chunusi zilianzia pale pale shali inapoanzia. Juu ya mstari ule, kwenye paji la uso, ngozi safi kabisa. Nikajiuliza, jicho la mtu lina rula?

"Imeoshwa lini?" akaniuliza.

Nikaanza kuikunja shali.

"Mwezi jana?"

"Miaka sita."

Mzee akashika kichwa. "Mama! Miaka sita? Na mafuta ya nazi chini yake? Moshi haioshi kitu, inaleta harufu tu." Akanieleza kwamba mafuta yanaziba vitundu vya ngozi, sufu inasugua, na jasho na pumzi vinabaki humo humo siku nzima.

Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Hapo si chunusi tena nilizokuwa nikiziwaza. Nilikumbuka siku aliyofariki mama, mimi sikuweza hata kusimama. Aliyemkosha na kumvika sanda ni yule niliyemwita hasidi. Shali ile aliikunja yeye, akanipa mkononi. Niliona haya, wallahi, haya ya kutaka kuzama.

Nikapanda treni moja kwa moja mpaka kwake. Alifungua mlango. Akanitazama uso, akaitazama shali, akasema, "Lete."

Tukaitia kwenye beseni, maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Maji yale yalitoka rangi ya kahawa! Sote wawili tuliruka nyuma. Subhanallah, hicho ndicho nilichokuwa nikijifunga mdomoni. Nikalia, kwa sababu harufu ya mama ilikuwa inaondoka. Akaniambia, "Lia. Lakini mama yako alikuwa msafi kuliko sisi sote. Angeniuliza mimi kwa nini nimekuacha hivi."

Nikamwomba radhi. "Nimekusamehe," akasema. "Lakini wao walisikia." Kwa hiyo humu ukumbini alikataa kurudi.

Sasa mimi natanguliza kitambaa cha pamba, shali juu yake, na vyote nafua kila wiki. Ndani ya basi navua. Nikifika nanawa uso, napaka losheni nyepesi aliyonichagulia yule mzee, na chunusi siziminyi. Miezi miwili ilipita kabla uso haujatulia, na makovu ndiyo haya, mnayaona. Kofia zenu za sufu, skafu, hata kamba ya kofia inayopita kidevuni, fueni. Na uso ukiharibika, ulizeni kwanza kinachougusa, kabla hamjamtafuta mtu.

Namshukuru mzee wa Southall. Namshukuru binti yangu, aliyesema kweli nikamnyamazisha. Na huyo mwingine niliyemtukana mbele yenu, basi nyinyi ndio mashahidi wangu: hakunihusudu. Alinipenda, nikamwita hasidi. Nimekosa.

Nilimwomba aje leo, hata kwa dakika tano. Namwona kasimama pale mlangoni, koti hajalivua.

Vua koti, shoga yangu. Chai yako nimeshaimimina.