Isale ya Mpagazi

Kwenye foleni ya mafuta pale Himo, Aikande alikuwa juu ya pikipiki yake, akimsimulia mzee mwenye kidumu safari yake ya kutembelea makaburi ya Vita vya Kwanza.

"Peke yako?" mzee akashangaa.

"Peke yangu, babu. Ya Moshi nimemaliza, sasa naenda Taveta. Askari wana mawe yenye majina. Wapagazi tu ndio hawana makaburi." Alilisema hilo kama mtu aliyesoma kila kitu.

"Babu yangu mimi alibebeshwa mizigo ya Wajerumani, hakurudi. Bibi akampandia mmea wa isale kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, hapo pakawa ndipo kaburi lake. Kila Krismasi tunapapalilia."

"Lakini chini pale hakuna mtu, babu!"

"Na huko Moshi, wewe ulifukua ukahakikisha?"

Foleni ikasogea. Pikipiki ya Aikande ikabaki palepale.