Mkono Niliouficha Baada ya Kupona

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Wakubwa wangu shikamooni, wengine hamjambo. Mchungaji amenipa dakika tano, na mnanijua, nikishika kipaza sauti sikiachii upesi, kwa hiyo mzee wa kanisa pale mlangoni anionyeshe saa. Mimi ni Mama Tumaini, fundi cherehani wa hapa Ujiji. Sare mnazoziona kwa wanakwaya nimezishona mimi. Mlishanisikia hapa hapa nikishuhudia kwamba nimepona saratani, mkadhani habari imeishia pale. Haikuishia pale.

Wageni niwaeleze kidogo. Nilipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Nikapanda treni mpaka Dar es Salaam na mume wangu, Baba Tumaini, ambaye anabeba mizigo bandarini Kigoma. Hospitalini wakaniondoa titi, wakatoa na matezi ya kwapani, wakanipa dripu za dawa mpaka nywele zikaisha kichwani, nikamalizia na mionzi. Daktari akasema ugonjwa hauonekani tena. Niliporudi nikasimama hapa mbele, akina mama mkapiga vigelegele, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Ushuhuda ule ulikuwa wa kweli, na leo sifuti hata neno moja.

Ila mnajua desturi yetu wapendwa. Mtu akishashuhudia kwamba amepona, haruhusiwi kukiri ugonjwa tena. Ukisema tu mgongo unauma, mwenzako anakuwahi: usikiri hivyo, dada, sema umepona. Mimi desturi hiyo niliishika kwa mikono miwili, na mmoja wa hiyo mikono ulikuwa umeshaanza kuvimba.

Ilianza na pete ya ndoa, ikakataa kutoka kidoleni. Kisha mkono wa kushoto wote ukajaa, ukawa mzito kama umebeba kitu. Nilifanya nini? Fundi ni mimi. Gauni langu la kwaya nikalikata mkono wa kushoto mpana kuliko wa kulia, nikatupia mtandio juu, nikaja kuimba alto. Nani angejua? Lakini kusukuma kitambaa kwenye cherehani kukawa mateso. Wateja wakija nguo haijaisha, nasingizia uzi. Ndoo ya maji nainua kwa mkono mmoja huku nimeng'ata meno. Kila nikisikia kichomi nasema basi, imerudi, na usingizi unakatika hapo hapo.

Nyumbani nilikuwa nalala na nguo zangu zote, nimemgeuzia mgongo Baba Tumaini. Akiniuliza kulikoni, namwambia nimepona, namshukuru Mungu. Ndugu zangu, nilikuwa namjibu mume wangu kama ninavyolijibu kanisa. Niliona uchungu sana, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Basi akaja nesi mmoja, binti wa Mbeya aliyehamishiwa huku kwetu. Yeye na wenzake wa hospitali walikuwa wanawapitia watu waliotibiwa saratani, wanawauliza baada ya matibabu wanahitaji nini. Alinikuta kibarazani kwenye cherehani. Akaniamkia, nikaitikia, akaanza maswali. Maumivu, unahitaji msaada? Sihitaji. Usingizi? Sihitaji. Hofu ya ugonjwa kurudi? Sihitaji. Kazi za nyumbani? Sihitaji. Kuna swali lingine sitalitaja hapa madhabahuni, wenye ndoa mnalielewa. Hilo nalo sihitaji. Akanitazama, akasema maswali kama hayo huulizwa pia wagonjwa wa Japani, na huko nako wapo wanaokaa kimya ili wasimsumbue mtu. Nikacheka, nikamwambia kumbe Wajapani nao ni Waha kama sisi.

Alipomaliza aliniomba nimpime, anataka gauni la kitenge. Nikavuta futi yangu ya kupimia, nikampima kiuno, nikampima nyonga, vizuri tu. Nikafika mabegani. Mkono wa kulia ukapanda. Wa kushoto ukaishia hapa, usawa wa kifua, ukagoma. Nikajaribu tena, futi ikaanguka chini, na mtandio nao ukafuata. Yule binti akainama. Aliokota futi, akanikalisha kwenye kiti changu mwenyewe, akanipima mimi, mkono huu kisha mkono huu. Akagusa ngozi. Ilikuwa nyekundu na ya moto.

Akaniambia, "Mama, ukiuacha hivi utashindwa kushika hata sindano."

Mimi nikamuuliza jambo nililokuwa nimelificha muda wote ule. Nikasema, "Mwanangu, nikikuambia mkono unaniuma, si nitakuwa nimeuita ugonjwa urudi?"

Akasema, "Ugonjwa haukusikii, mama. Ninayekusikia ni mimi."

Hapo nililia, ndugu zangu. Nililia mbele ya mteja wangu aliyekuja kuchukua sketi, na sikuona aibu. Kisha nikamwomba nesi arudie maswali yote tangu mwanzo, na safari hii nikamjibu vizuri. Nahitaji. Nahitaji sana. Hofu nahitaji, usingizi nahitaji. Hata lile lisilotajwa.

Hospitali walinipa dawa, moto ukatoka kwenye ngozi. Nimefundishwa kuufunga mkono kwa bendeji na kufanya mazoezi, na wenyewe mnauona, leo sijavaa mtandio. Haujawa kama mwenzake na pengine hautakuwa, ila naushonea. Jioni ya siku ile aliyokuja nesi nilimwita Baba Tumaini ndani nikamwonyesha mkono, nikamwonyesha na kovu. Akasema, "Mimi nilidhani hutaki nikuguse." Alikuwa ameteseka na mawazo hayo peke yake, mwanamume mzima, kwa sababu mimi niliogopa kufungua mdomo.

Namshukuru Mungu aliyeniondolea saratani, na namshukuru kwa kunitoa kwenye ule ukimya, maana ulikuwa unanimaliza. Wewe uliyeketi hapo na jambo lako, mwamini. Amekuponya kweli. Hatakunyang'anya uponyaji wako kwa sababu umesema bado kuna mahali panauma. Mwambie yeye, na umwambie na mtu.

Mzee wa kanisa ameshaninyooshea saa, namalizia. Jumamosi hii ni zamu yangu ya kudeki kanisa. Kudeki nitadeki. Ndoo siwezi, nimekatazwa. Nahitaji mtu wa kunibebea maji kutoka bombani.

Haya, naona mikono. Shusheni, wapendwa, wawili wananitosha. Mungu awabariki.