Muuguzi Aliyeihamisha Mizani

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya uzito atakabidhi funguo za friji ya dawa na kustaafu, baada ya kuitumikia hospitali hii miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi, lakini ukilitaja koridoni watu watabaki wakiulizana ni nani huyo. Sote tunamwita Mama Pazia. Mimi ni mfamasia niliyegawana naye chumba kimoja na friji moja kwa miaka sita, na nimeombwa nieleze jina hilo lilitoka wapi.

Alianzia wodi ya wazazi, akapitia chumba cha dharura, kisha akahamishiwa kwa wagonjwa wa nje, ambako alidumu miaka mingi. Alikuwa mwepesi wa mikono na mkali wa maneno. Sauti yake, kwa mujibu wa walinzi, ilifika mpaka maegesho ya magari. Enzi hizo mizani ilikaa koridoni, mbele ya mabenchi ya kusubiri, na muuguzi alisoma uzito kwa sauti ili karani aliye dirishani auandike. Hakuna aliyeona ubaya wowote, kwa sababu ndivyo kazi ilivyofanyika.

Asubuhi moja ikafika zamu ya mpishi wa kantini yetu, aliyekuja kutazamwa magoti. Mama Pazia akatangaza kilo mia moja na kumi na nane, na kwa mzaha akaongeza kwamba sasa tumejua mabaki ya masufuria huishia wapi. Benchi zima likacheka. Mpishi akashuka kwenye mizani, akavaa viatu vyake na kuondoka bila kumwona daktari.

Hakurudi kwa miaka kumi na mitano. Jiko liko hatua sitini tu kutoka mlangoni petu, na kila siku saa saba mchana alimpakulia Mama Pazia chakula bila kumtazama usoni. Mama Pazia alikula huku akiona magoti ya mwenzake yakivimba mwaka hadi mwaka, kisha akaona fimbo, kisha kiti kirefu nyuma ya meza ya kupakulia. Haya alitusimulia mwenyewe siku ya kwanza ya kliniki ya uzito. Alisema ndiyo sababu aliomba kuhamia huku, na hakujitetea hata kwa neno moja.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuiburuta ile mizani hadi ndani ya chumba. Akashona pazia kwa mashuka ya wodi yaliyochakaa, akaigeuza mizani ikatazama ukuta, na akapiga marufuku kutaja namba kwa sauti. Uzito ungeandikwa, basi. Kisha akaenda jikoni kwa mlango wa nyuma, akasimama kando ya magunia ya viazi na kuomba radhi. Mpishi aliendelea kumenya viazi. Wiki mbili baadaye, tukiwa tunafunga, tulisikia fimbo ikigonga sakafu.

Alikuwa na kilo mia moja thelathini na moja, na daktari wa mifupa alikuwa amemwambia kwamba hatambadilisha goti mpaka ashuke chini ya mia na kumi. Bila goti jipya angeacha kazi kabla mwaka haujaisha. Daktari wetu alimpima damu, sukari na figo, akamuuliza kuhusu kongosho, na kama katika ukoo wao kuna aliyewahi kupata saratani ya tezi ya shingo. Aliporidhika ndipo akamwandikia sindano ya mara moja kwa wiki.

Kumweleza mgonjwa dawa hizi, hapo Mama Pazia hakuwa na mpinzani. Tukila, alisema, utumbo hutoa homoni zinazoupasha ubongo habari kwamba tumeshiba. Kwa wengine habari hiyo hufika hafifu, na mtu huinuka mezani njaa ikiwa bado inamwita. Sindano inaiga homoni hizo: tumbo linachelewa kumwaga chakula, na ubongo unatulia. Hakuficha kwamba kuna kichefuchefu na kufunga choo, wala kwamba lazima mtu ale vyakula vya kujenga mwili na afanye mazoezi ili misuli isiishe pamoja na mafuta. Ukiacha dawa, njaa hurudi, na uzito mara nyingi huifuata. Neno "jizuie" alilifuta kabisa kinywani mwake.

Ukali wake wa zamani aliuhamishia kwenye friji. Aliyethubutu kuweka chakula chake humo alikula naye sahani moja. Mkurugenzi mwenyewe alipotaka sindano chache apungue haraka kabla ya harusi ya binti yake, alielekezwa kwenye benchi, akapimwa kama wengine, na akaambiwa kwamba uzito wake hauhitaji dawa hiyo. Suti akaipeleka kwa fundi.

Mwezi wa nne dozi ya mpishi ilipandishwa. Wiki hiyo kantini ikaharibika. Jumanne maharage hayakuwa na chumvi hata chembe. Jumatano yalikuwa nayo ya kutosha wodi tatu. Watu walinung'unika, ofisi ya utawala ikaandika barua, nami nilikuwa wa kwanza kusukuma sahani kando. Mama Pazia aliweka kijiko mezani, akatoka mbio. Ndiye pekee aliyeng'amua kwamba mpishi alikuwa haonji tena.

Alimkuta amekaa juu ya kreti, midomo imekauka. Alikuwa ametapika siku tatu na hakusema, akihofia tutamwachisha dawa na goti lake liishie hapo. Mama Pazia alimshika mkono mpaka kliniki. Daktari akamwekea maji, akapima figo, akasimamisha sindano kwa muda, kisha akamrudisha kwenye dozi ndogo. Huko alikaa miezi miwili kabla ya kupanda tena taratibu. Tangu siku hiyo fomu yetu ina swali lililoandikwa kwa mkono wa Mama Pazia: mgonjwa anaulizwa kama watu wa nyumbani wamelalamikia mapishi yake. Wataalamu wageni hulicheka, nasi tunawaacha wacheke. Limeshatuonyesha wagonjwa wanne waliokuwa wakiteseka kimyakimya.

Si kila mtu dawa humkubali. Katika kumi na wawili wa mwanzo, wawili waliiacha. Lakini mpishi alifika mia moja na tisa, akapata goti lake, na fimbo sasa inashikilia dirisha la jiko lisijifunge. Sindano bado anachoma, na daktari bado anamfuatilia.

Jumatatu iliyopita ilikuwa kliniki ya mwisho ya Mama Pazia, na benchi lilijaa. Mpishi alikuja kwa miguu yake, akapanda mizani, na kabla hatujajua anachotaka kufanya, akalivuta pazia mpaka mwisho. Akawageukia watu na kutangaza kwa sauti iliyofika maegesho ya magari: "Mia moja na nne!" Benchi zima likapiga makofi, na karani akatoka dirishani kuja kuona. Kisha mpishi akamgeukia Mama Pazia, akasema kwa upole, "Andika, dada."

Dada hakuweza kuandika. Machozi yalikuwa yamemjaa, na kalamu ikamshinda. Namba ile niliiandika mimi.

Mama Pazia, tunakushukuru kwa miaka yote, pamoja na ile uliyotamani kuirudia. Ijumaa mpishi amesema atakusindikiza mpaka getini, na hataki gari. Nenda ukapumzike kwa raha, uwe na afya tele, na chakula chako kisipungue chumvi.