Ini la Mbuzi, Nusu kwa Syauswa

Mko hapa, na ninawataja mmoja mmoja ili kesho asiwepo wa kusema hakusikia. Yuko Paluku Onésime, mzaliwa wangu wa kwanza, aliyesimama karibu na mlango kama mtu mwenye safari. Yuko Mariette, dada yake, matope ya shamba bado miguuni. Yuko jirani yangu Syauswa Henri, ambaye tangu mwaka wa 1989 hakukanyaga nyumba hii hadi leo. Yuko Malachie, karani wa kanisa letu hapa Musienene, anayeandika. Malachie, andika majina kamili; jina nusu ni mlango wa mwizi.

Nitegeeni masikio, wanangu, kwa maana pumzi yangu ni fupi na hasira yangu ni ndefu. Mwaka jana niliandika kwamba kilima chetu ni chenu, mkilime na mkirithishe, lakini asiwepo wa kukikata vipande, wala kujenga juu yake, wala kugusa miti ya chemchemi, vizazi vyote. Haki ya kukataza niliiweka katika nyumba ya Syauswa: asipokubali yeye, hata choo hakijengwi. Nikaipeleka karatasi kwa chefu, ikapigwa muhuri. Nami, mtoto wa shule ya Wabelgiji, nikaona muhuri unatosha. Nilimwandika Syauswa bila hata kumwita, wala sikuchinja mbuzi. Hilo ni kosa langu. Watu wetu hawakumbuki nani alitia sahihi, wanakumbuka nani alikula.

Nawe Onésime ulilijua hilo. Nilipokuwa nimelazwa Butembo ulileta mpima ardhi, ukawaambia majirani kwamba ile ni karatasi ya mzee tu, hakuna aliyekula kitu. Ukapanda mawe ya saruji kumi na moja katika kilima changu, ya kukigawa viwanja. Moja liko chini ya kitanda hiki: Mariette alilikuta katikati ya maharagwe ya marehemu mama yenu, Rébecca, akaling'oa kwa jembe, akalibeba kichwani hadi hapa. Nilipokuuliza, ulinijibu bila haya: “Papa, muji iko nakuya yenyewe. Afazali tuuzishe mbele ya bengine.”

Tuuze kabla ya wengine! Mji unakuja, ndiyo. Hukuviona vilima vya Butembo vilivyovuliwa nguo, mvua moja tu na nyumba zinashuka bondeni pamoja na waliomo? Na huo mji wako utakula maharagwe ya wapi? Wala usinifunike macho kwa machozi ya watu waliokimbia vita kutoka Oicha. Familia zao saba zinalima shamba langu la chini. Waliniomba mahali pa kupiga jembe, hawakuniomba parseli, kiwanja cha kujenga, na ungewafukuza wao kwanza.

Mtauliza kwa nini Syauswa, mtu tuliyenyimana salamu miaka yote hii. Niseme ukweli: mimi ndiye niliyemkosea. Nilihamisha miti ya mpaka hatua nne ndani ya shamba lake, kwa sababu mimi nilijua kusoma ramani na yeye hakujua. Hatua hizo nne ninamrudishia leo, na iandikwe. Alipoingia asubuhi hii alicheka kwanza, akasema: “Ézéchias, unaniita sababu unajua niko na roho mubaya.” Nikamjibu kwamba ni hiyo roho hasa: “Njo ile ninatafuta.” Rafiki angewasamehe, wanangu. Huyu hatawasamehe.

Basi. Mbuzi yuko uani. Syauswa, mchinje wewe. Ini likatwe mara mbili, nusu ya nyumba yako, nusu ya nyumba yangu, kama baba zetu walivyofunga mpaka. Nusu yetu asiile Mariette. Aile Onésime, kwa mkono wake, mbele yako. Kisha yale mawe kumi yaliyobaki ayang'oe mwenyewe.

Mnizike kando ya Rébecca. Bila saruji.

Maji kidogo... Aksanti, Mariette.

Onésime, sikulaani. Nimekasirika, hicho ni kitu kingine. Mungu awape mvua kwa wakati wake... awape na majirani wakali. Sogea. Mkono wako ni baridi kuliko wangu.

Ini hilo limeletwa. Kula, mwanangu.

Nimeandika mimi, Malachie. Ini lilichomwa saa saba. Onésime alishika nusu yake kwa muda mrefu, Syauswa akimtazama, kisha akala. Mzee Muhindo Ézéchias alikufa saa tisa mchana.